Ummu Sibyani Hakumuua Mtoto Wako

Mada iliyotolewa kwa vijana na wazazi katika darsa za Ramadhan, Mikinduri



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.), Mola wa viumbe wote, Mwenye kutoa uhai na Mwenye kuutwaa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na maswahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, mama zetu, dada zetu, na hasa nyinyi vijana mlio karibu kuoa na kuolewa. Mada ya leo ni nzito kidogo. Tunazungumzia kifo cha mtoto mchanga, na yule anayelaumiwa kwa kifo hicho.

Hebu tuseme ukweli. Mtoto akifariki huku kwetu, kabla hata kaburi halijakauka, maneno huanza. Mmoja atasema ni Ummu Sibyani. Mwingine atasema ni jini la ukoo wa mama yake. Jirani atanong'ona kwamba kuna murogi, mchawi, hapo nyuma ya ile boma. Na akifa wa pili, basi ishakuwa kesi. Mara mwanamke ameambiwa ana "kitu" kinachokula watoto wake. Mara mume anashauriwa aoe mwingine. Si ndio?

Swali letu leo ni hili: dini inasema nini juu ya jambo hili, na watoto wetu wanakufa kwa nini hasa?

Huyu Ummu Sibyani ni nani?

Jina lenyewe ni la Kiarabu, maana yake ni mama wa watoto. Pwani wazee wanamjua pia pepo anayeitwa subiani, na neno hilo limetokana na hilo hilo sibyan. Katika hadithi za watu anasimuliwa kuwa jini la kike, linaloingia nyumba yenye mzazi, likamharibia mimba au likamnyonga mtoto usiku. Kuna kisa kinachouzwa katika vijitabu vidogo vya dua, kwamba Nabii Sulayman (A.S.) alikutana na ajuza mwenye macho ya buluu anayetoa moto kinywani, akamkamata, naye akala viapo saba kwamba hatamgusa atakayevaa maandishi hayo. Basi watu wanayaandika, wanayakunja, wanayashona kwenye ngozi, mtoto anafungwa shingoni. Kisa hicho hakimo katika Qur'an, wala hakimo katika hadithi sahihi za Mtume (S.A.W.).

Sasa sikilizeni jambo ambalo vijana wengi hawalijui. Huyu mama hakuanza na Waislamu, wala hakuanza na Waarabu.

Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Iraq, watu walikuwa wanamwogopa jike la shetani waliloliita Lamashtu. Walimchora kwenye vibao vya mawe na udongo akiwa na kichwa cha simba na miguu ya ndege, ananyonyesha mbwa na nguruwe. Waliamini anaharibu mimba na kunyakua watoto wachanga. Na dawa yake ilikuwa nini? Walivaa sanamu ya shetani mwingine, Pazuzu, ili amfukuze yule wa kwanza. Yaani shetani anafukuzwa kwa shetani! Je, hilo halifanani na yule mganga anayekuambia jini lake litapigana na jini lako? Allah ametueleza katika Suratul Jinn kwamba walikuwepo wanaume katika watu waliojikinga kwa wanaume wa kijini, na hayo hayakuwazidishia ila mashaka.

Wagiriki nao walikuwa na Lamia na Gello. Mayahudi walikuwa na Lilith, wakatundika hirizi zenye majina ya malaika watatu kumlinda mzazi na mwanawe. Huko Malaysia na Indonesia yuko Pontianak, mwanamke aliyefariki na mimba akarudi kuwa pepo. Wala msidhani ni mambo ya mbali. Shika barabara hapa Meru, pita Isiolo, Marsabit, Moyale, uvuke mpaka. Kwa jirani zetu Wakristo wa Ethiopia kuna jina Werzelya, mwanamke aliyeua watoto, na mtakatifu Susenyos aliyemuua kwa mkuki. Kina mama huko wamevaa kwa karne nyingi ngozi zilizoandikwa dua za kumkinga mtoto na huyo Werzelya.

Ukiyatazama hayo yote utaona jambo moja. Wairaki wa kale waliabudu masanamu, Wagiriki wana miungu yao, Mayahudi wana yao, Wakristo wa Ethiopia wana yao, na sisi tuna yetu. Dini ni mbalimbali, lakini hofu ni moja na hirizi ni moja. Kwa nini? Kwa sababu kila mahali watoto walikuwa wanakufa wengi, mzazi akabaki na mikono mitupu, akatafuta jina la kuliitia maumivu yake. Hilo tunalielewa, na hatumcheki mtu. Lakini ufahamu pia kwamba jambo hili watu wamelirithi kwa watu. Halikuja na wahyi.

Na kuna la pili la kutazama. Kila mahali mshtakiwa ni mwanamke. Ni ajuza, au tasa, au aliyefiwa na watoto wake akaona wivu. Kutoka kwa pepo wa kike hadi kwa mwanamke jirani yako ni hatua moja tu. Leo wanasema ni Ummu Sibyani, kesho wanasema Ummu Sibyani ametumwa na fulani, yule bibi anayeishi peke yake, au mke mwenza, au mama mkwe. Na tunajua mwisho wa mambo hayo hapa Kenya. Mwezi wa Mei 2008 wazee 11, wengi wao wanawake, walichomwa moto Kisii kwa tuhuma za uchawi. Oktoba 2021, huko huko Kisii, wanawake wanne wazee wakauawa kwa tuhuma kama hizo. Damu ya mtu inamwagwa kwa neno alilolisema mtu mmoja msibani.

Na usisahau kigego. Huko pwani zamani, mtoto akiota meno ya juu kwanza aliitwa kigego, akahesabiwa mkosi kwa ukoo, na wapo waliouawa au kutupwa. Yaani watu kwa kuogopa mauti yasiwafikie watoto, waliua mtoto kwa mikono yao. Hapo ndipo hofu isiyo na elimu inapompeleka mwanadamu.

Mtume (S.A.W.) alipofiwa na mtoto

Sisi tuna mfano ulio bora zaidi ya vijitabu vya sokoni. Mtume wetu (S.A.W.) alizika watoto wake wote akiwa hai, isipokuwa Bibi Fatma (R.A.). Wa mwisho kuzikwa alikuwa Ibrahim, mtoto wa Bibi Mariya, aliyefariki mwaka wa 10 Hijria akiwa bado ananyonya, hajatimiza miaka miwili.

Bukhari amepokea kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia akamkuta mtoto anakata roho, macho yake yakabubujika machozi. Abdurrahman bin Awf (R.A.) akashangaa: hata wewe, ewe Mjumbe wa Allah? Akamjulisha kwamba hiyo ni rehema. Akaeleza kuwa macho hutoa machozi na moyo huhuzunika, lakini ulimi hausemi ila linalomridhisha Mola.

Siku ile ile jua likapatwa. Wataalamu wa nyota wamelipiga hesabu wakalipata, ni tarehe 27 Januari 632. Watu wa Madina wakasema papo hapo: jua limepatwa kwa kifo cha Ibrahim! Sasa fikiria, ndugu msomaji. Angekuwa ni kiongozi mwingine, angenyamaza tu. Neno lile lilikuwa linamtukuza yeye na mwanawe. Lakini Mtume (S.A.W.), na huzuni yake kifuani, alisimama akaswalisha, kisha akawahutubia watu kwamba jua na mwezi ni ishara mbili katika ishara za Allah, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake.

Hebu tuangalie ambayo hakuyafanya siku ile. Hakuuliza nani amemhusudu. Hakumgeukia Bibi Mariya, mwanamke wa kigeni kutoka Misri, akamwambia amekuja na mkosi. Hakutafuta jini. Na kumbukeni ni yeye yule aliyewahi kufanyiwa sihri na Labid bin al-A'sam, na habari hiyo imo katika Bukhari. Alijua majini yapo, alijua sihri ipo, lakini mtoto alipofariki hakumshtaki yeyote. Alilia, akazika, akaridhika na Mola wake.

Na nyuma yake, mwanzo wa Hijra, ulienea uvumi Madina kwamba Waislamu wamefanyiwa uchawi, hawatapata mtoto. Bibi Asmaa bint Abi Bakr (R.A.) akajifungua Abdullah bin Zubayr pale Quba, Waislamu wakafurahi furaha kubwa, na uvumi ukafa kifo chake.

Tena katika Sahih Muslim imepokewa kutoka kwa Jabir (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikanusha imani ya ghul, lile zimwi la jangwani ambalo Waarabu waliamini linageuka maumbo na kuangamiza watu. Akakanusha pia mkosi wa ndege na mfano wake.

Je, ile hadithi ya adhana?

Najua kuna atakayeuliza: Mbona tunasikia kwamba mtoto akiadhiniwa sikio la kulia na kukimiwa la kushoto, Ummu Sibyani hamdhuru? Swali zuri. Riwaya hiyo ipo, ameitaja Abu Ya'la na wengineo. Lakini katika mapokezi yake yumo Marwan bin Salim, mpokezi aliyeachwa na wanazuoni wa hadithi, na wapo waliosema kabisa kwamba ni ya kutungwa. Haijengewi imani. Kumuadhinia mtoto ni jambo wanalolifanya Waislamu kwa riwaya nyingine, ya Abu Rafi' (R.A.), na hiyo haimtaji Ummu Sibyani. Mwadhinie mtoto ili neno la kwanza alisikie liwe la Allah. Usimwadhinie kama mtu anayefukuza fisi.

Tusielewane vibaya. Majini yapo, anayeyakanusha amekanusha Qur'an. Shetani ni adui wa mtoto tangu siku ya kwanza, na imepokewa kwamba humgusa kila anayezaliwa, isipokuwa Maryam na mwanawe (A.S.). Lakini hadithi hiyo inasema mtoto hulia kwa mguso huo. Haikusema hufa. Ajali iko mikononi mwa Allah peke yake, na hakuna jini aliyepewa ufunguo wake.

Basi ni nini kinachowaua?

Allah ameweka sababu, na ametuamrisha tuzitafute. Mtume (S.A.W.) aliwaambia watu wajitibu, kwa kuwa Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa.

Chukua pepopunda. Sikiliza jina lenyewe: pepo, punda. Wazee walimwona mtoto aliyezaliwa mzima, ananyonya vizuri siku mbili za kwanza, kisha taya linakaza, hawezi kunyonya, mwili unakakamaa na kupinda kama upinde. Mara nyingi huanza kati ya siku ya 3 na ya 14. Wakasema amepandwa na pepo. Nani angewalaumu? Lakini leo tunajua ni vijidudu vinavyokaa kwenye udongo na kinyesi cha mifugo, vinaingia kwa kitovu kilichokatwa na wembe mchafu au kupakwa samadi na majivu. Mama akichanjwa akiwa mjamzito, na kitovu kikakatwa kwa kifaa safi, pepo huyo haji. Mwaka 2018 Kenya ilithibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imeudhibiti ugonjwa huu kwa akina mama na watoto wachanga. Sindano na wembe safi ndivyo vilivyoleta hayo. Sikuona hirizi katika hesabu hiyo.

Chukua degedege. Hilo nalo limepewa jina la dege, ndege mkubwa anayesemekana kupita juu ya mtoto. Kwa Wamijikenda wanaita nyuni, maana yake ni hilo hilo, ndege. Mtoto anageuza macho, anatetemeka, anatoa povu. Mara nyingi ni homa kali, na katika sehemu zenye mbu ni malaria imepanda kichwani. Utafiti uliofanywa Bagamoyo, Tanzania, ukachapishwa 1996, ulionyesha watu hawakuiona degedege kuwa ni malaria, wakaanzia kwa mganga. Huko mtoto alifukizwa, hata kwa kinyesi cha tembo. Na palikuwa na neno lililoenea kwamba mwenye degedege akidungwa sindano atakufa. Neno hilo limechimba makaburi mangapi! Mtoto anafikishwa hospitali siku ya tatu, amechoka, anadungwa, anafariki, na watu wanasema: Si tuliwaambia?

Chukua na hili la watoto kufuatana kufa, ambalo ndilo linalovunja ndoa nyingi. Kuna mama ambaye damu yake ni ya kundi hasi na mumewe ni chanya. Mtoto wa kwanza huweza kuzaliwa salama. Anayefuata mwili wa mama unapigana na damu yake, anazaliwa na manjano kali na upungufu wa damu, au anafia tumboni. Mtazamaji atasema kuna kitu kinamfuata. Kumbe kuna sindano ambayo mama hupewa akiwa mjamzito, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua, ikamkinga mtoto ajaye. Kuna pia selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtoto haupati mpaka arithi kwa baba na kwa mama, wote wawili. Sasa, bwana, uliyesema mkeo ana kitu kinachokula watoto, je, na wewe umepimwa?

Wengine hufa kwa kuzaliwa kabla ya siku zao, kwa kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kwa nimonia, kwa maambukizi ya damu. Yote hayo yana jina na yana tiba.

Tazama hesabu za serikali yetu. Katika uchunguzi wa mwaka 2003, kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai Kenya, 77 hawakufika mwaka mmoja. Katika uchunguzi wa mwaka 2022, idadi hiyo ilikuwa 32. Nakuuliza, Ummu Sibyani alihama? Alistaafu? Au ni chanjo, neti, wakunga waliosomea, na kule kuondolewa ada za kujifungua katika hospitali za serikali mwezi Juni 2013? Na hao 32 waliobaki bado ni wengi mno. Wengi wao wangeishi kama wangewahishwa.

Tufanye nini?

La kwanza, mkinge mtoto kwa alichokifundisha Mtume (S.A.W.). Amepokea Bukhari kutoka kwa Ibn Abbas (R.A.) kwamba alikuwa akiwaombea Hasan na Husein kinga kwa maneno ya Allah yaliyotimia, dhidi ya kila shetani, kila mdudu mwenye sumu na kila jicho baya, na akaeleza kuwa Nabii Ibrahim (A.S.) alikuwa akiwaombea hivyo Ismail na Is'haq. Jifunzeni dua hiyo kwa ustadh wenu. Haiuzwi, haishonwi kwenye ngozi, na jina la Ummu Sibyani halimo. Someni Ayatul Kursiy na Mu'awwidhatayn. Ama hirizi, Mtume (S.A.W.) ameikemea vikali, akaihesabu katika shirki.

La pili, mama aende kliniki mapema, apimwe damu, achanjwe, ajifungulie hospitali. Hapa Mikinduri tunayo hospitali. Kitovu kisipakwe chochote isipokuwa dawa aliyokupa muuguzi.

La tatu, zijueni dalili za hatari. Mtoto mchanga akikataa kunyonya, akiwa moto sana au baridi sana, akipumua mbio au kifua kikibonyea, akikakamaa au kutetemeka, akiwa wa manjano mpaka nyayo, kitovu kikinuka au kutoa usaha, mchukue muda huo huo. Usingoje swala ya Asubuhi, usingoje baba arudi sokoni. Msomee dua mkiwa njiani. Dua na pikipiki havigombani.

La nne, kwa kuwa tuko Ramadhan. Mama mjamzito au anayenyonyesha akijihofia au akimhofia mtoto, sheria imempa ruhusa ya kula. Nyinyi wakwe na mawifi, msimtazame kwa jicho la kumhukumu. Allah amemsamehe, wewe nani usimsamehe?

La tano ni kwenu vijana wa kiume. Mkeo akifiwa na mtoto, wewe ni mfiwa pamoja naye. Yeyote atakayekuja na neno la jini la ukoo wake, mfungie mlango kwa adabu, lakini uufunge. Kumsingizia mwanamke mauaji ya mwanawe ni dhulma, na dua ya aliyedhulumiwa haina pazia baina yake na Allah.

Neno kwa mama aliyezika

Dada yangu, hukuletewa mtoto ukamla. Huna deni la mganga. Mtume (S.A.W.) ameeleza kuwa mwanamke anayetanguliza watoto wake watatu watakuwa pazia lake na Moto. Mwanamke mmoja akauliza, na wawili? Akajibu, na wawili. Na alisimulia kwamba aliona katika ndoto yake bustani ya kijani, na Nabii Ibrahim (A.S.) mrefu ndani yake, amezungukwa na watoto waliofariki katika maumbile yao safi. Huko ndiko aliko mwanao. Hayuko kwenye makucha ya ajuza yeyote.

Tunamwomba Allah (S.W.T.) atukubalie funga na visimamo vyetu, awahifadhi watoto wetu, awape subira waliofiwa, na azitakase ndimi zetu na kushtaki wasio na hatia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Ramadhan Mubarak.